Kabla hujamwondolea mtoto maziwa

Safari hii tumekusanya barua kuhusu jambo moja: wazazi na walezi wa watoto wanaochelewa kuongea, kutembea au kujifunza, walioshauriwa kuacha maziwa ya ng'ombe na kila kinachotokana nayo. Wanaojibu ni mtaalamu wa lishe na muuguzi wa watoto wa safu hii.

Shikamooni wataalamu. Mwanangu ana miaka minne, maneno yake hayazidi kumi, na hospitali wamesema ni usonji. Kwenye kundi la wazazi la WhatsApp nimeambiwa maziwa ndiyo yanayomfunga ulimi, nikiyaacha ataongea. Kwa siku anakunywa kama lita moja kwa chupa, chakula anagusagusa tu, na choo chake ni kigumu hadi analia. Nianzeje? — Mama wa mvulana, Mwanza

Marahaba, mama. Maziwa hayamfungi mtoto ulimi, na kuyaacha hakumfanyi aongee. Madai hayo yametokana na nadharia yenye zaidi ya miaka 40: kwamba kasini, protini kuu ya maziwa, ikimeng'enywa nusunusu huacha vipande vinavyofanana na mofini, dawa kali ya maumivu inayolevya, navyo hupenya utumbo hadi kufika kwenye ubongo. Watafiti waliovitafuta vipande hivyo kwenye mkojo wa watoto wenye usonji hawakupata tofauti ya kuaminika kati yao na watoto wengine. Majaribio ya lishe yaliyofanywa kwa uangalifu ni machache na madogo, na hayakuonyesha kwamba usemi unafunguka. Mwongozo wa mwaka 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema wazi kuwa lishe ya kuondoa kasini isitumiwe kutibu dalili za msingi za usonji kwa watoto.

Hata hivyo barua yako ina mambo matatu ya kushughulikia wiki hii hii: lita moja ya maziwa, kutokula, na choo kigumu. Hayo matatu yanashikana. Lita moja ya maziwa yenye mafuta yake yote ni zaidi ya kilokalori 600, karibu nusu ya nishati anayohitaji mtoto wa umri huo. Tumbo limeshashiba, chakula ataingiza wapi? Maziwa yana madini ya chuma kidogo mno, na kalsiamu na kasini iliyomo hupunguza hata kile chuma kidogo anachopata kwenye chakula. Mtoto anapungukiwa damu, na upungufu wa chuma wenyewe huchelewesha kujifunza, huvuruga usingizi na humfanya mtoto awe mkorofi na mchovu. Hapo ndipo tunapoona asili ya simulizi nyingi za kundini. Mtoto aliyekuwa akiishi kwa maziwa anayaacha, anaanza kula maharage, nyama na mboga, damu inapanda, choo kinalainika, analala, anatulia. Mzazi anasema kasini imetoka mwilini. Kilichotokea ni kwamba mtoto ameanza kula.

Kwa hiyo anza hivi. Mpeleke kliniki apimwe uzito, urefu na wingi wa damu; kwa umri wake, chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu. Omba pia apimwe masikio kama hajapimwa, maana mtoto asiyesikia vizuri hatasema vizuri hata umlishe nini. Kisha punguza maziwa bila kuyaondoa: kwa muda wa siku kumi hivi shuka kutoka lita moja hadi mililita 400 kwa siku, kikombe kimoja cha mililita 200 asubuhi na kimoja jioni. Chupa iondoke. Maziwa yaje baada ya chakula, na katikati ya milo apewe maji. Siku tatu nne za kwanza atalia. Wapo watakaokwambia kilio hicho ni dalili ya sumu kutoka, siyo. Ni njaa, na ni kukosa kitu kilichokuwa kinamtuliza. Kwa watoto wengi wenye usonji chupa ni faraja kabla ya kuwa chakula, hivyo mpe kitu kingine cha kushika wakati uleule.

Choo kisipolainika baada ya wiki mbili hadi tatu, licha ya maji, papai, mboga na dawa ya kulainisha atakayoandikiwa, hapo ndipo jaribio la kuondoa maziwa yote lina maana. Mwaka 1998 watafiti wa Italia walichapisha jaribio la watoto 65 waliofunga choo kwa muda mrefu. Walipobadilishiwa maziwa ya ng'ombe wakapewa ya soya, 44 kati yao walipata nafuu. Kwa hiyo kufunga choo sugu ni sababu ya kujaribu. Ukurutu usiosikia dawa, kutapika mara kwa mara, kuharisha kusikoisha au damu kwenye choo ni sababu pia. Kuchelewa kuongea peke yake si sababu.

Ukifika huko, tayarisha mbadala kwanza. Kosa tunalolikuta mara nyingi kliniki ni kuyaondoa maziwa Jumatatu na kuanza kutafuta mbadala Alhamisi. Mtoto wa usonji anatambua ladha, rangi, hata joto la kinywaji, basi tumia kikombe kilekile na uvuguvugu uleule. Changanya kijiko kimoja cha maziwa ya soya kwenye vijiko tisa vya maziwa ya ng'ombe, na kila baada ya siku mbili au tatu ongeza kijiko kimoja cha soya na upunguze kimoja cha ng'ombe. Akikataa, rudi hatua moja nyuma, ukae hapo siku nne. Ni kazi ya wiki tatu hadi tano. Jaribio linaanza kuhesabiwa siku ile maziwa ya ng'ombe yanapokwisha kabisa, na linadumu wiki nne.

Katika wiki hizo nne usiguse kingine. Usiondoe ngano, usianze vitamini mpya, usibadilishe shule. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilifanya nini. Na "kabisa" maana yake hata yaliyojificha: siagi, samli ya pilau, jibini, mtindi, aiskrimu, chokoleti, mkate na maandazi yaliyokandwa kwa maziwa, biskuti, baadhi ya soseji na margarini, na unga wa lishe uliochanganywa na maziwa ya unga. Lebo nyingi zimeandikwa Kiingereza. Ukiona "milk solids", "whey", "casein", "caseinate", "buttermilk", "curd" au "ghee", rudisha rafuni. Waambie na majirani, na mwalimu wa chekechea. Chai ya maziwa ya saa nne ndiyo inayovunja majaribio mengi.

Habari za kazi. Binti yetu ana miaka sita, anachelewa kujifunza, na ana aleji ya maziwa iliyothibitishwa na daktari. Tunampa tui la nazi na soya tunayotengeneza nyumbani. Je, yanatosha? Mifupa yake itakuwaje? — Baba, Nairobi

Salama, baba. Mmefanya vizuri kuanzia kwa daktari, lakini vinywaji hivyo viwili havilingani kabisa. Tui ni mafuta. Ni zuri kwenye wali na mchuzi, linaongeza nishati, ila protini yake ni ndogo na kalsiamu karibu hakuna; likitiwa maji liwe la kunywa, hata hicho kidogo kinapungua. Mlitumie jikoni, msilihesabu kama maziwa. Maziwa ya mchele nayo yana protini kidogo sana, na Uingereza hawashauri mtoto wa chini ya miaka mitano apewe, kwa sababu ya aseniki, sumu iliyomo kwenye mchele.

Soya ndiyo inayokaribia ya ng'ombe kwa protini, kama gramu 3 kwa kila mililita 100, mradi haijazimuliwa. Kikombe kimoja cha soya kavu kilowekwe saa 8 hadi 12, maji yamwagwe, maganda yatolewe kwa kusugua, isagwe na vikombe sita vya maji safi, ichujwe, kisha ichemshwe dakika 20 huku mkikoroga. Hapo pana mtego: soya hupandisha povu mapema, mpishi akadhani imechemka, akaepua. Ndani yake bado kuna viini vinavyozuia protini kumeng'enywa, na mtoto ataumwa tumbo na kuharisha. Hesabuni dakika 20 kuanzia povu likishatulia na maji yakitokota kweli. Bila friji, imalizwe siku hiyohiyo.

Upungufu wa soya ya nyumbani ni kalsiamu. Maziwa ya ng'ombe yana kama miligramu 120 kwa kila mililita 100. Soya ya nyumbani inafika 25 hivi. Ile ya dukani iliyoongezwa kalsiamu inalingana na ya ng'ombe, ila kalsiamu yake hutuama chini, kwa hiyo tikiseni paketi kila mara mnapomimina. Shirika la Afya Duniani na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanapendekeza miligramu 600 kwa siku kwa mtoto wa miaka 4 hadi 6, na 700 kuanzia miaka 7 hadi 9.

Omena, yaani dagaa, ndiyo hazina yenu. Chagueni wakavu wasio na chumvi, muwaoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu hadi mchanga uishe, muwakaushe, muwakaange bila mafuta hadi wavunjike kwa vidole, muwasage na mifupa yao, mchekeche. Vijiko vikubwa viwili vya unga huo, kama gramu 10, vinampa karibu miligramu 200 au zaidi kutegemea aina ya samaki. Changanyeni kwenye mboga au maharage mwishoni mwa kupika. Kwenye uji harufu huwashinda watoto wengi. Nusu kikombe cha sukuma wiki iliyopikwa inaongeza kama 100, na mwili unaipokea vizuri. Mchicha na spinachi vina kalsiamu nyingi kwenye majedwali, lakini vina oksalati inayoifunga, hivyo anapata sehemu ndogo tu. Basi siku moja ya kawaida inaweza kuwa hivi: vijiko viwili vya unga wa omena, nusu kikombe cha sukuma wiki, na kikombe kimoja cha mililita 250 cha soya iliyoongezwa kalsiamu. Jumla ni 600.

Kama soya ya aina hiyo ni ghali mno, mwombeni daktari vidonge. Angalieni lebo: kidonge cha miligramu 1,250 za kalsiamu kaboneti kina kalsiamu yenyewe miligramu 500 tu. Apewe pamoja na chakula, na kisipewe wakati mmoja na dawa ya kuongeza damu, maana kalsiamu huzuia chuma.

Hofu yenu ya mifupa ina msingi. Mwaka 2008 utafiti wa Marekani uliopima mifupa ya mikono ya wavulana wenye usonji ulikuta ni myembamba kuliko kawaida, na waliokuwa kwenye lishe isiyo na kasini walikuwa nyuma zaidi. Binti acheze nje juani kila siku, apimwe urefu kila baada ya miezi mitatu. Nusu yai, ini mara moja kwa wiki, nyama au samaki vitampa vitamini B12 na B2, ambazo watu husahau kwamba zilikuwa zikitoka kwenye maziwa.

Mjukuu wangu ana mtindio wa ubongo, miaka mitano, na anatumia dawa ya kifafa ya fenobabitali. Namlisha uji wa maziwa na mtindi. Majirani wanasema maziwa yanamletea makohozi na mate mengi, nimpe uji wa maji tu. Anakohoa kila akinywa. — Bibi, Tanga

Shikamoo bibi. Usimpe uji wa maji, tunakuomba. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye misuli inakaza hutumia nguvu nyingi, na huingiza chakula kidogo kwa kila mlo. Ukiondoa maziwa na mtindi kwenye uji wake unaondoa karibu protini yote, na atakonda ndani ya wiki chache.

Maziwa hayatengenezi makohozi mapya. Yanapochanganyika na mate huwa mazito na kuganda mdomoni, ndiyo maana yanaonekana kama kohozi. Baada ya mlo mfute ulimi na mashavu kwa ndani kwa kitambaa safi chenye unyevu. Usimsafishe kinywa kwa kumnywesha maji mengi, kwa sababu maji ni mepesi na ndiyo yanayopotea njia kwa urahisi zaidi.

Kikohozi chake kila anapokunywa ndicho kinachotutia wasiwasi. Inaelekea kinywaji kinaingia kwenye njia ya hewa. Mtindi ni mzito, unateremka polepole, na kwake ni salama kuliko maziwa mepesi au soya nyepesi. Mkalishe wima, nyonga na magoti vimekunjwa, kidevu kikielekea kifuani kidogo; kichwa kisilale nyuma hata kidogo. Mpe kijiko kidogo, kiwe nusu, usubiri ameze ndipo uongeze. Baada ya kula abaki wima dakika 30. Akipata homa na kupumua haraka baada ya milo, au akikohoa hata kwa uji mzito, mpeleke hospitali aonwe na mtaalamu wa kumeza au wa fiziotherapia.

Kwenye bakuli la uji mzito ongeza kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia, ambacho ni kilokalori 120, au kijiko cha karanga zilizosagwa laini kabisa. Parachichi lililopondwa linafaa sana.

Na dawa yake: fenobabitali, kama zilivyo dawa nyingine za kifafa za fenitoini na kabamazepini, huufanya mwili umalize vitamini D haraka. Mtoto asiyetembea hushinda ndani, jua halimpati, na mifupa inalainika hadi inavunjika wakati wa kumgeuza tu. Mtoe nje kila asubuhi mikono na miguu ikiwa wazi, na mwombe daktari ampangie vitamini D. Dawa ya kifafa usiikatize hata siku moja.

Je, maziwa ya mbuzi au ngamia yanaweza kuchukua nafasi ya ya ng'ombe? Huku watu wanasema ya ngamia yanatibu usonji. — Msomaji, Maskati

Ya mbuzi, hapana. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto zaidi ya tisa katika kila kumi wenye aleji ya maziwa ya ng'ombe watadhurika na ya mbuzi pia. Ya ngamia hayana betalaktoglobulini, mojawapo ya protini zinazoleta aleji, na kasini yake ni ya namna tofauti, hivyo baadhi ya watoto wenye aleji huyavumilia. Lakini ni maziwa na yana kasini. Anayesema amemwondolea mtoto kasini huku akimpa ya ngamia hajaiondoa. Ushahidi kwamba yanatibu usonji ni wa majaribio madogo ya muda mfupi, hautoshi. Mkiyatumia, yachemsheni. Maziwa mabichi ya ngamia huambukiza bruselosi, ugonjwa wa homa na maumivu ya viungo unaoweza kukaa miezi.

Mwanangu wa miaka miwili amechelewa kutembea, yuko kwenye matibabu ya utapiamlo mkali na anapewa chakula dawa. Nimesoma kwamba kina maziwa. Niache? — Mama, Kigoma

Usiache. Chakula dawa ni karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Maziwa hayo ni sehemu ya tiba inayookoa maisha. Amalize pakiti zote alizopangiwa. Kuchelewa kutembea kwake huenda kukapungua uzito ukirudi. Akitoka vipele vya kuvimba au akitapika muda mfupi baada ya kila pakiti, mrudishe kituoni siku hiyohiyo, wao wataamua.

Tumemaliza wiki nne bila maziwa. Mume wangu anaona mtoto ametulia, mimi sioni tofauti. Tufanyeje? — Mama, Dodoma

Mnarudisha maziwa. Wengi hukwepa hatua hii, ilhali ndiyo pekee inayotoa jibu. Kama mlikuwa mnaandika daftari, liwe la mambo manne tu yanayohesabika: siku alizopata choo katika wiki, saa alizolala, mara alizoamka usiku, na ukurutu umefika wapi. Neno "ametulia" halihesabiki. Mwombe mwalimu naye aandike yake, bila kumwambia ni wiki gani mtoto alikuwa kwenye maziwa na wiki gani hakuwa.

Kama mtoto aliwahi kuvimba midomo, kutoka vipele, kukohoa kwa mlio au kulegea ndani ya saa mbili baada ya maziwa, msijaribu nyumbani kabisa. Hilo hufanyika hospitali yenye adrenalini, sindano ya dharura ya aleji kali. Kama dalili zake zilikuwa za taratibu, mpeni akiwa mzima, bila mafua wala homa. Siku ya kwanza ni biskuti moja yenye maziwa. Baada ya siku mbili, andazi lililokandwa kwa maziwa. Baada ya mbili nyingine, vijiko vitatu vya mtindi, halafu nusu kikombe, halafu mililita 200 za maziwa yaliyochemshwa kwa wiki mbili mfululizo. Maziwa yaliyopikwa na unga kwa joto kali huleta mwitikio mdogo zaidi, ndiyo maana tunaanzia huko.

Choo kikiwa kigumu tena au ukurutu ukirudi, simameni, ngojeni dalili ziishe, kisha mrudie mara moja zaidi kuthibitisha. Zikirudi mara ya pili, mtoto ana tatizo la maziwa, na atahitaji mpango kamili wa kalsiamu kama tulioueleza hapo juu, pamoja na kujaribiwa upya kila baada ya miezi 6 hadi 12, kwa sababu watoto wengi hupona aleji hii kabla ya kuanza shule. Ikiwa hakuna kilichobadilika kwenye daftari, arudi kwenye maziwa yake, vikombe viwili kwa siku, na nauli na muda vilivyokuwa vikienda kwenye lishe viende kwenye mazoezi ya usemi, angalau dakika 15 kila siku nyumbani, mkiwa mmekaa chini naye, uso kwa uso.